Gari Limegoma Kuondoka: Limeshikwa au Halisukumwi?

Hakuna hitilafu ya gari inayozaa wataalamu wengi papo hapo kama hii. Injini inawaka vizuri, dereva ameshusha hendibreki, ameweka gia na kuondoa mguu kwenye breki, lakini gari limesimama palepale. Haichukui muda mpita njia mmoja ameshasema ni giaboksi, mwingine klachi, wa tatu anaapa kwamba ni kompyuta. Fundi anapofika hukuta hukumu imeshatolewa, na hukumu inayopendwa zaidi ndiyo ya gharama kubwa kuliko zote: giaboksi imekufa, itafutwe nyingine. Kwa maoni yangu giaboksi inasingiziwa mno. Zipo sababu nyingi za bei nafuu zinazostahili kuchunguzwa kabla haijaguswa, na uchunguzi wenyewe una mpangilio wake.

Ili gari liondoke, nguvu ya injini lazima ifike kwenye magurudumu, na magurudumu lazima yawe huru kuzunguka. La kwanza likikosekana, gari halisukumwi. La pili likikosekana, gari limeshikwa. Kutofautisha hali hizi mbili hakuhitaji kifaa, kunahitaji masikio. Gari lililoshikwa hulemewa: ukikanyaga mafuta mlio unakuwa mzito, bodi inajiinua au kuinama kidogo kana kwamba linataka kwenda, na kama ni gari la klachi injini inazima. Gari lisilosukumwa hulia bure: resi zinapanda, mshale unapaa, bodi haitikisiki.

Bado una shaka? Katika ardhi tambarare, weka gia kwenye N, mtu mmoja akae kwenye usukani na mguu wake karibu na breki, wawili wasukume. Likiteleza kwa wepesi, magurudumu yako huru na lawama zihamie upande wa nguvu. Likikataa kabisa, giaboksi karibu imeshatoka kwenye orodha ya washukiwa, kwa sababu katika N haina kazi ya kushikilia chochote. Ajabu ni kwamba jaribio hili rahisi hurukwa mara kwa mara, hata gereji. Na kabla yake lipo jingine ambalo hakuna anayependa kulitaja: zunguka gari ulitazame. Jiwe lililowekwa nyuma ya gurudumu na mlinzi mwenye nia njema, au mnyororo wa watu wa maegesho, vimewahi kuwatoa jasho madereva wasomi.

Tuanze na kushikwa, maana huko ndiko kwenye mengi, hasa kwa wanaoishi Tanga, Dar es Salaam, Unguja au Mombasa. Magari madogo yaliyojaa barabarani kwetu, kama Vitz, IST, Passo na Probox, kwa kawaida yana dramu kwenye magurudumu ya nyuma. Dramu ni chuma cha kusubu, na chuma hicho hakichelewi kupata kutu. Gari likioshwa jioni, asubuhi tayari kuna rangi ya udongo mwekundu. Hendibreki ikiwa imevutwa, viatu vya breki vimebana dramu wakati maji bado yamo ndani. Kutu inayoota kati ya kiatu na dramu huvigandisha pamoja. Siku moja haina neno. Wiki mbili za mvua za masika, gari likiwa limeegeshwa karibu na bahari, ni habari nyingine.

Ndiyo maana tatizo hili huwakuta sana watu wanaokwenda kuchukua gari lao la kwanza kutoka Japani. Gari limevuka bahari kwa wiki kadhaa ndani ya meli, hendibreki ikiwa juu kama utaratibu wa upakiaji unavyotaka. Likishushwa Dar es Salaam au Mombasa husubiri tena yadini huku ushuru ukishughulikiwa, hewa ya chumvi ikifanya kazi yake. Mwenye gari anaweka gia ya kuondoka, gari linanyanyua mgongo na kugoma, na moyo wake unapasuka: nimeuziwa gari bovu. Mara nyingi si bovu, limeganda tu.

Kuligandua kunataka upole. Washa injini, weka rivasi, achia breki na ukanyage mafuta kidogo sana, kisha fanya hivyo hivyo kwenda mbele, mara mbili tatu. Kutu ikiachia utasikia mlio mkavu, “pa!”, na gari litaondoka kama halijawahi kuwa na neno. Likikataa, usiliburuze kwa nguvu ya injini. Kwenye viatu vya breki, tabaka la kusugua limebandikwa kwa gundi juu ya bati. Ukilazimisha linaweza kubanduka na kujikunja ndani ya dramu, na hapo utakuwa umebadilisha tatizo la bure kuwa tatizo la spea. Njia salama ni kuweka mawe kwenye magurudumu ya mbele, kupiga jeki nyuma, kutoa tairi na kugongagonga dramu kwa nyundo kuizunguka, bila hasira.

Usisahau waya wa hendibreki. Waya huo hupita ndani ya ganda la plastiki chini ya gari. Ganda likipasuka maji na mchanga huingia, waya unapata kutu na kunasa. Mkono wa hendibreki ndani ya gari unashuka, taa kwenye dashibodi inazimika, dereva anaamini breki imeachia, kumbe kule gurudumuni hakuna kilichosogea. Dalili yake ni mkono wa hendibreki kuwa mlegevu isivyo kawaida unaposhushwa, kwa kuwa hakuna kinachouvuta kutoka upande wa pili. Dawa ni waya mpya. Kumwagia oili waya ulioliwa na kutu ni kununua siku chache tu. Anayeegesha gari muda mrefu pwani, mahali tambarare, afanye kama madereva wa zamani: aliache kwenye P au gia ya kwanza, aweke jiwe chini ya gurudumu, hendibreki aiache chini.

Aina ya pili ya kushikwa ni ya hila zaidi, maana gari huanza safari vizuri. Dereva anatoka nyumbani, baada ya kilomita chache gari linaanza kuwa zito, anasimama kwenye taa za barabarani, anaachia breki, gari haliendi. Akishuka anakutana na harufu ya kuungua, na rimu moja ina joto kuliko nyingine. Hapa breki ya mguu ndiyo iliyogoma kuachia. Kwenye gurudumu la diski, pistoni ya kalipa inaweza kuwa imepata kutu, au pini ambazo kalipa huteleza juu yake zimekauka grisi. Mafuta ya breki hufyonza unyevu kutoka hewani, na yasipobadilishwa kwa miaka unyevu huo hula chuma kutoka ndani. Kutazama kwa nje hakutakuonyesha.

Mshukiwa ninayemheshimu kuliko wote ni mpira wa breki, ule unaounganisha bomba la chuma na kalipa. Kwa nje unaweza kuonekana mzima kabisa huku ndani umevimba na kuchanika. Mguu wako una nguvu nyingi. Ukikanyaga, mafuta yanapenya hadi kwenye kalipa. Ukiachia, hakuna nguvu ya maana ya kuyarudisha, kipande cha mpira kinaziba njia, na gurudumu linabaki limebanwa. Baada ya dakika kumi au ishirini mafuta yanajipenyeza taratibu kurudi, breki inaachia, na gari linaondoka lenyewe kabla fundi hajafika. Dereva anasema lilikuwa shetani tu. Kesho yake linarudia.

Kumkamata si kazi ngumu. Gurudumu likiwa limeshikwa na kupigwa jeki, fungua kidogo nipo ya kutolea upepo kwenye kalipa. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, kulikuwa na presha iliyonaswa. Yasiporuka kwa nguvu na gurudumu likabaki gumu, pistoni au pini zimenasa. Kama ni presha, subiri mpaka gurudumu linase tena, safari hii ulegeze nati pale mpira unapoungana na bomba la chuma. Gurudumu likibaki limebanwa hapo, na nipo ikafunguliwa likaachia, mpira umejisaliti. Likiachia hapo hapo, tafuta juu zaidi, kwenye masta silinda. Ni kazi ya muda mfupi, na huepusha desturi ya kubadilisha kalipa, pedi na diski zote kwa kubahatisha. Baadaye mfumo utolewe upepo na mafuta yaongezwe, hilo fundi yeyote analijua.

Iwapo magurudumu yote manne, au yote ya mbele, yameshikwa kwa pamoja, usihangaike na kalipa moja moja. Chanzo kiko juu. Masta silinda ina tundu dogo la kurudisha mafuta kwenye chupa. Likizibwa na uchafu, au pedali ikirekebishwa vibaya isirudi hadi mwisho, mafuta yanayopata joto na kutanuka hukosa pa kwenda, na kila kilomita breki inazidi kubana.

Kosa baya kuliko hilo ni la chupa. Mafuta ya breki ya magari yetu mengi ni ya aina ya DOT 3 au DOT 4, ambayo hayatokani na petroli, na raba za ndani ya mfumo zimetengenezwa kuvumilia hayo tu. Mtu akiongezea oili ya injini au ile nyekundu ya usukani na giaboksi kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu, raba zinavimba. Zikivimba, pistoni hazirudi. Gari hujifunga lenyewe, na hakuna kulisafisha kwa kumwaga na kujaza upya. Raba zote zilizoguswa na oili hiyo hutolewa, mipira ikiwemo. Vikombe viwili vya oili vinaweza kugharimu mfumo mzima wa breki.

Malori na mabasi makubwa yana mantiki nyingine, na anayeyapima kwa mizani ya gari dogo atapotea. George Westinghouse alipata hataza ya breki ya upepo kwa treni huko Marekani mwaka 1869, na miaka michache baadaye akaugeuza mfumo wake ili kupotea kwa upepo kuwe ndiko kunakofunga breki. Breki ya kuegesha ya lori la leo inafuata fikra hiyo. Kinachobana gurudumu ni springi kubwa yenye nguvu za kutisha. Upepo kazi yake ni kuisukuma springi irudi nyuma. Lori lililolala usiku kucha na mfumo unaovuja huamka halina upepo, na bila upepo hakuna kuondoka. Kwa kawaida mfumo hufanya kazi kati ya psi 100 na 120, na onyo hulia upepo ukishuka kufikia karibu 60. Dereva mwenye subira huacha injini ijaze matangi huku akitazama mshale. Upepo usipopanda, atafute mvujo au kompresa iliyochoka. Wapo wanaozikaza springi kwa boliti ili breki zisishike, wakaendelea na safari. Njia hiyo ipo kwa ajili ya kulihamisha lori hadi mahali salama. Kushuka milima mikali kama Kitonga kwa njia hiyo ni kujiua na kuua wengine. Na chungu kinachofungia springi kisifunguliwe kando ya barabara kwa spana na ujasiri: ikifyatuka, springi hiyo huua.

Sasa tugeukie gari lisilosukumwa, lile linalolia bure.

Kwa gari la klachi, mwulize dereva kama wiki zilizopita lilikuwa likipiga kelele kwenye mlima bila kuongeza mwendo. Klachi iliyoisha hutoa taarifa mapema. Vuta hendibreki, hakikisha hakuna mtu mbele, weka gia ya tatu, kisha achia klachi taratibu: injini ikizima, klachi ingali inashika, ikiendelea kunguruma kama hakuna kilichotokea, diski imekwisha.

Kwa otomatiki, jambo la kwanza ni oili yake, na hapa watengenezaji hawafanani. Wengi hutaka ipimwe injini ikiwa inaunguruma na imepata joto, gari likiwa tambarare. Honda hutaka injini iwe imezimwa muda mfupi tu uliopita. Magari mengine hayana hata kijiti cha kupimia, yanapimwa kwa kufungua boliti ubavuni. Oili ikipungua, pampu hufyonza hewa, presha haitoshi kubana klachi za ndani, na gari husita asubuhi kabla ya kuondoka, kisha siku moja linakataa kabisa. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua ni habari mbaya. Oili safi iliyopungua ni habari njema, kwa sharti kwamba mvujo utafutwe.

Zingatia pia kama giaboksi ni CVT, ambayo badala ya gia ina mkanda wa chuma unaobanwa na puli mbili. Probox zilihamia huko mwaka 2014, Passo mwaka 2010, na Nissan nyingi ni za aina hiyo. Mkanda hutegemea oili yenye sifa maalumu za kushika. Kuijaza giaboksi hiyo ATF, oili ya otomatiki za kawaida, kwa sababu zote ni oili za giaboksi, ni kuiua polepole. Hapa ndipo giaboksi hufa kweli, na mara nyingi huuawa na mkono wa aliyekuwa akiihudumia.

Kabla ya kuishusha, kuna jaribio moja ninalolipenda kwa urahisi wake. Mkono wa gia unavuta waya, na waya unaishia kwenye giaboksi kwa kishikizo kidogo, aghalabu cha plastiki au raba, ambacho huzeeka na kuvunjika. Mkono unaonyesha D, giaboksi bado iko N. Zima injini, weka mkono kwenye D, kanyaga breki, jaribu kuwasha. Kwenye magari mengi swichi inayozuia injini kuwaka ikiwa ndani ya gia iko kwenye giaboksi yenyewe, kwa hiyo injini ikiwaka huku mkono uko D, giaboksi inakwambia kwamba haijapata amri yako. Kishikizo kikabadilishwa, maisha yakaendelea.

Mhimili wa gurudumu nao hudanganya wengi. Gari la magurudumu ya mbele lina mihimili miwili inayotoka kwenye giaboksi, na difu iliyo kati yake hupeleka nguvu kule kusiko na ukinzani. Mhimili mmoja ukikatika au kuchomoka kwenye jointi, nguvu yote inaishia upande huo kuzungusha hewa, na gurudumu zima halipati kitu. Ndiyo kanuni ileile inayokwamisha gari lenye gurudumu moja kwenye tope huku jingine likiwa juu ya ardhi kavu. Dalili ya mhimili uliokatika ni kwamba hata P haishiki: gari liko kwenye P na bado linasukumika, kwa kuwa kizuizi cha P kiko upande wa giaboksi, nyuma ya pale palipokatika. Giaboksi iliyokufa klachi zake mara nyingi bado hushika kwenye P. Tofauti hiyo pekee inaweza kukuokolea bei ya giaboksi nzima.

Yabaki magari yanayokataa kwa makusudi. Mkono wa gia usipotoka P, kanyaga breki na umwombe mtu atazame taa za nyuma. Zisipowaka, swichi ya pedali au fyuzi yake imekufa, na kufuli la gia halijui kwamba umekanyaga. Kufuli hilo lilienea baada ya sakata la Audi 5000 nchini Marekani katika miaka ya 1980, magari yalipodaiwa kuruka yenyewe. Uchunguzi wa serikali uliotolewa mwaka 1989 uliona kwamba madereva walikuwa wakikanyaga pedali isiyo yenyewe. Kwenye Toyota nyingi kuna kitufe kidogo karibu na mkono wa gia cha kulifungua kwa dharura. Mkono ukiwa mgumu baada ya kuegesha mlimani, ni uzito wa gari umelalia kizuizi cha P. Siku nyingine vuta hendibreki kwanza, uachie breki ya mguu gari likae, ndipo uweke P. Toyota Aqua na ndugu zake za haibridi hazitakwenda popote mpaka neno READY liwake, na haliwaki ukibonyeza kitufe bila kukanyaga breki. Magari mapya yenye hendibreki ya umeme hugoma betri ikiwa dhaifu.

Kwa nini basi giaboksi hubaki mtuhumiwa wa kwanza? Sababu moja ni soko. Gerezani jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi na Kisekka jijini Kampala kuna giaboksi zilizotumika, tayari kubebwa. Kubadilisha ni kazi inayolipa na isiyohitaji kueleza chanzo, kuchunguza hulipwa kidogo, na wateja wetu hawajazoea kulipia maneno “nimetafuta, nimekuta ni kishikizo.” Lawama si ya fundi peke yake. Anayemlipa fundi kwa uzito wa spea aliyobeba atabebewa spea nzito.

Na likishindikana kabisa, angalia linavyoondolewa. Pampu ya oili ya giaboksi ya otomatiki huzungushwa na injini. Gari likiburuzwa kwa kamba injini ikiwa imezimwa, giaboksi inazunguka kavu. Gari linalosukumwa na magurudumu ya mbele liinuliwe mbele, lenye kusukumwa na yote manne lipakiwe zima juu ya brekidauni. Gharama yake inauma, lakini ni ndogo kuliko bei ya giaboksi ambayo, mpaka kamba ilipofungwa, huenda ilikuwa nzima.